Wanga Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Mwongozo Kamili wa Kuupima, Kuuchagua na Kuula kwa Utaratibu

Wanaoniuliza kuhusu wanga baada ya upasuaji wa kupunguza uzito hukwama mahali pawili. Wa kwanza ameukata wanga wote. Anatembea na kizunguzungu, choo kimefunga, na ikifika mwezi wa nne anaanza kula biskuti usiku wenzake wakiwa wamelala. Wa pili anakula kidogo kweli, ila kidogo chenyewe ni juisi, uji mwepesi na vitafunio vinavyoyeyuka mdomoni. Uzito wake umesimama, na kila alasiri anatetemeka huku jasho likimtoka.

Wote wawili wana bidii. Walichokosa ni mtu wa kuwaonyesha nini kitangulie na nini kifuate, na hilo ndilo ninalolifanya hapa. Nikisema wanga, nina maana ya kabohaidreti zote: sukari, matunda, nafaka, viazi, jamii ya kunde na maziwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mizani ya jikoni inayosoma gramu. Usitegemee jicho. Baada ya upasuaji chakula chako ni kidogo mno, na kosa la gramu 40 za wali ambalo zamani halikuwa kitu sasa ni nusu ya mlo.
- Daftari na kalamu, au sehemu ya kuandika kwenye simu.
- Saa au kengele ya simu.
- Sahani ndogo na kijiko cha chai.
- Kipima sukari pamoja na vijiti vyake, hasa kama ulifanyiwa baipasi (upasuaji unaounganisha kimfuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo mwembamba), una kisukari, au umewahi kutetemeka saa moja au mbili baada ya kula.
- Vidonge vya glukosi, au sukari iliyofungwa kwenye kipakiti. Hivi ni dawa. Viweke mbali na vitafunio.
- Karatasi ya hospitali inayoeleza aina ya upasuaji na mpango wa chakula uliopewa.

Onyo la kwanza. Kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usipunguze wala kuongeza wanga kabla ya kuzungumza na daktari wako. Dozi iliyokufaa kabla ya upasuaji inaweza kukuangusha sasa. Kwa wanaotumia vidonge vya kisukari vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo, kukata wanga ghafla kunaweza kuleta asidi hatari kwenye damu hata kama kipimo cha sukari hakijapanda sana.

Onyo la pili. Pale ambapo mpango wa hospitali yako unatofautiana na mwongozo huu, fuata wa hospitali. Wao wanajua walichokikata na walichokiunganisha.

## Hatua ya 1: Fahamu tumbo lako jipya linapitishaje chakula

Hatua hii wengi huiruka, kisha wanashangaa kwa nini chakula kinachomfaa jirani kinawalaza wao kitandani.

Katika slivu, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kuacha bomba jembamba. Mlango wa chini wa tumbo, ule unaoachilia chakula kidogo kidogo kuingia utumbo mwembamba, unabaki mahali pake.

Katika baipasi, kinatengenezwa kimfuko cha karibu mililita 30 na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Mlango ule unarukwa, na sehemu ya kwanza ya utumbo inarukwa pia. Kwa hiyo sukari uliyokunywa inaweza kufika utumboni kwa kasi kubwa bila chochote cha kuizuia.

Ndiyo maana mtu wa baipasi huathirika zaidi na sukari ya haraka. Mtu wa slivu naye hajasalimika, kwa sababu bomba lile lina shinikizo na husukuma chakula haraka kuliko tumbo la zamani.

Umefanikiwa ukiweza kumweleza mtu wa nyumbani, kwa maneno mawili matatu, chakula chako kinapita wapi baada ya kumezwa.

## Hatua ya 2: Jua uko wiki ya ngapi

Ratiba hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, lakini mwendo wa kawaida ni huu: siku moja au mbili za vinywaji vyepesi, kisha vinywaji vizito hadi karibu wiki ya 2, chakula kilichosagwa hadi wiki ya 4, chakula laini hadi wiki ya 6 au zaidi, halafu chakula cha kawaida kidogo kidogo.

Katika wiki za vinywaji usihangaike kutafuta wanga. Maziwa pekee yana takriban gramu 12 katika mililita 250. Kazi yako wakati huo ni maji na protini, na kuuacha mshono upone. Epuka juisi, soda na vinywaji vya nguvu hata kama kikombe ni kidogo.

Usiruke hatua kwa sababu unajisikia vizuri. Mshono hauna maumivu ya kukuonya mapema, na kipande cha mkate kwenye wiki ya 3 kinaweza kukwama na kukutapisha hadi damu itoke.

## Hatua ya 3: Weka kiwango chako, ukianzia na protini

Andika protini juu ya ukurasa. Wengi huelekezwa kufikia gramu 60 hadi 80 kwa siku. Zikikosekana, mwili unakula misuli, na misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari unayokula. Ukipoteza misuli, wanga uleule unaanza kukulemea.

Chini yake andika wanga. Kiwango kinachotumika sana ni karibu gramu 50 kwa siku katika miezi ya mwanzo, kikipanda taratibu kuelekea gramu 130 kadiri uwezo wa kula unavyoongezeka. Ugawe hivi: usizidi gramu 30 katika mlo mmoja, wala 15 katika kitafunio kimoja. Kwa watu wa baipasi ugawaji huu ni muhimu hata kuliko jumla ya siku. Gramu 90 zilizogawanywa mara nne hazimsumbui mtu ambaye gramu 60 za mkupuo zingemlaza chini.

### Kwa nini usiufute kabisa?

Kwa sababu tatu, na zote nimeziona zikiwarudisha watu nyuma. Choo hufunga, kwani nyuzinyuzi hutoka kwenye vyakula hivyohivyo vya wanga: kunde, mboga, matunda, nafaka nzima. Nguvu za kutembea na kufanya mazoezi huisha, na mazoezi ndiyo yanayolinda misuli. Ya tatu ndiyo nzito zaidi: njaa ya kitu kitamu hujilimbikiza wiki baada ya wiki, na siku inapopasuka hupasukia kwenye vyakula vibaya kuliko vyote. Ukiona mtu anajisifu kwamba hajagusa wanga kwa miezi mitano, muulize kwa upole anakula nini saa nne usiku.

Umefanikiwa ukiwa na namba mbili zilizoandikwa, protini na wanga, na mtaalamu wako wa lishe amezikubali.

## Hatua ya 4: Pima kwa gramu kwa siku 14

Wiki mbili zinatosha kulifundisha jicho. Baada ya hapo utapima mara mojamoja tu.

Hizi ni namba za kuanzia, zote kwa makadirio ya karibu:

- Kipande cha mkate cha gramu 30: wanga gramu 13 hadi 15
- Wali uliopikwa, kikombe kizima: gramu 45
- Kiazi kilichochemshwa, gramu 100: gramu 20
- Dengu zilizopikwa, gramu 100: gramu 20, pamoja na nyuzinyuzi 8 na protini 9
- Ndizi mbivu ya wastani: gramu 27
- Tufaha la wastani: gramu 25
- Juisi ya machungwa, mililita 250: gramu 26
- Soda ya kopo la mililita 330: gramu 35
- Sukari, kijiko cha chai: gramu 4
- Asali, kijiko cha mezani: gramu 17

Tazama tena dengu na juisi. Wanga haupishani sana, lakini dengu zinakuja na protini na nyuzinyuzi, na lazima uzitafune. Juisi inakuja peke yake.

Pima chakula kikiwa kimeshapikwa. Mchele unaopikwa hunywa maji na kuongezeka uzito mara mbili hadi tatu, kwa hiyo ukipima mkavu kisha ukasoma namba ya uliopikwa, utakuwa unakula wanga mwingi kuliko ulioandika.

### Kusoma kibandiko cha pakiti

Anza na ukubwa wa "sehemu moja". Pakiti unayoimaliza kwa kikao kimoja inaweza kuandikwa kuwa ni sehemu mbili na nusu. Njia salama ni kusoma safu ya gramu 100, kisha upime unachokula.

Kwa bidhaa zitokazo nje, kumbuka kwamba vibandiko vya Marekani huhesabu nyuzinyuzi ndani ya jumla ya kabohaidreti, wakati vya Ulaya huziandika kando. Namba mbili zinazofanana si lazima ziwe na maana moja.

Kisha pitia orodha ya viambato. Sukari hujificha kwa majina mengi: dekstrosi, maltodekstrini, sharubati ya glukosi, fruktosi, juisi iliyokolezwa. Jina lolote kati ya haya likitokea miongoni mwa viambato vitatu vya kwanza, rudisha pakiti rafuni. Bidhaa za "bila sukari" zenye sorbitoli au zailitoli nazo zina shida yake: zinajaza gesi na kuharisha, na mtu huchanganya hali hiyo na madhara ya upasuaji.

Umefanikiwa ukiweka kiazi sahanini, ukakisia gramu zake kabla ya mizani, na kosa likawa chini ya gramu 15.

## Hatua ya 5: Chagua wanga unaotafunwa

Ukisahau hatua nyingine zote, hii ishike.

Upasuaji umekupa mfuko mdogo, na mfuko mdogo hujaa kwa vyakula vigumu. Nyama, samaki, maharage na mboga vinakaa pale, vinaunyoosha ukuta wa tumbo, na ubongo unapata habari kwamba umeshiba. Lakini chipsi za pakiti, biskuti, keki, aiskrimu, chokoleti na vinywaji vitamu vinalainika na kuteleza kwenda chini kama maji. Mfuko haujai. Unaweza kukaa na pakiti ya biskuti kwa saa nzima, kipande kimoja baada ya kingine, bila kusikia shibe hata mara moja. Hapo upasuaji haukulindi kabisa, na hiyo si hitilafu ya mwili wako wala si udhaifu wa tabia. Ndivyo mfuko ulivyo.

Ndiyo sababu mtu anaweza kuniambia, kwa ukweli kabisa, "nakula kidogo lakini uzito unapanda." Nikimwomba orodha ya siku tatu, naona milo midogo mizuri, na katikati yake mlolongo wa vitu vinavyoteleza ambavyo yeye hakuviita chakula.

Kipimo changu ni rahisi. Weka tonge mdomoni usilitafune. Likiyeyuka lenyewe ndani ya nusu dakika, chakula hicho hakitakushibisha.

Anza na wanga huu, kwa mpangilio huu:

1. Mboga zisizo na wanga mwingi: za majani, kabichi, maua ya koliflawa, biringanya, maharage mabichi.
2. Dengu, maharage, njegere na kunde. Zilainishe vizuri na uanze na vijiko viwili, maana gesi huja ukizivamia.
3. Matunda mazima yenye nyama yake. Tufaha zima na juisi ya tufaha ni vyakula viwili tofauti.
4. Nafaka nzima na viazi, kwa kiasi kilichopimwa.

Mkate, wali na tambi vina tatizo la ziada. Mkate laini hugeuka donge ukikutana na mate, na donge hukwama kwenye tundu jembamba. Wengi huuvumilia zaidi ukichomwa hadi ukauke, ukaliwa vipande vidogo. Wali na tambi huvimba. Usivijaribu kabla hospitali haijakuruhusu, na siku ya kwanza chukua vijiko viwili tu, ukiwa nyumbani, usiwe safarini.

Umefanikiwa ukisikia shibe baada ya dakika 20 hivi na ikadumu saa tatu au nne.

## Hatua ya 6: Panga unavyokula, dakika kwa dakika

Protini kwanza, mboga pili, wanga mwishoni. Mpangilio huu una kazi mbili. Ukishiba kabla ya kumaliza, kinachobaki sahanini ni kile unachokihitaji kidogo zaidi. Na protini na nyuzinyuzi zilizotangulia huifanya sukari iingie damuni polepole.

Tafuna kila tonge mara 20 hadi 30. Weka kijiko chini kati ya tonge na tonge. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Ukizidi nusu saa, ondoa sahani, kwani mfuko umeanza kujimwaga na utajikuta unakula mlo wa pili.

Usinywe wakati wa kula, na subiri dakika 30 baada ya kumaliza. Kinywaji huusukuma wanga kwenda utumboni na kuiondoa shibe. Maji yanywe katikati ya milo, kwa mafundo madogo, hadi ufikie angalau lita 1.5 kwa siku. Kiu hujifanya njaa ya kitu kitamu, hasa alasiri, kwa hiyo kunywa kwanza, subiri robo saa, ndipo uamue.

Huu ni mfano wa siku kwa mtu wa mwezi wa 5 au 6:

- Asubuhi: mayai 2, kipande 1 cha mkate wa ngano nzima uliochomwa. Wanga 14, protini 15.
- Saa nne: mtindi usio na sukari, gramu 150. Wanga 7, protini 5.
- Mchana: samaki gramu 80, mboga za majani, dengu gramu 70. Wanga 16, protini 24.
- Alasiri: nusu tufaha, jibini gramu 30. Wanga 12, protini 7.
- Usiku: kuku gramu 70, mboga, kiazi gramu 50. Wanga 12, protini 20.

Jumla ni wanga 61 na protini 71. Angalia kwamba tufaha halikuachwa liende peke yake. Kila wanga una mwenzake wa protini.

## Hatua ya 7: Soma dalili, na uangalie saa

Dalili bila saa hazikuambii kitu. Unapomaliza kula, andika muda. Ukijisikia vibaya, andika muda tena. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo inayokupa jibu.

### Ndani ya dakika 10 hadi 60

Tumbo linasokota, moyo unakwenda mbio, unaona joto usoni, unaharisha, unataka kulala chini. Hii ni dampingi ya mapema. Sukari nyingi imemwagika utumboni kwa pamoja na kuvuta maji kutoka kwenye mishipa ya damu, ndipo utumbo unavimba na shinikizo la damu linashuka.

La kufanya: lala au egemea, usubiri. Hupita yenyewe. Usile sukari kuituliza, kwani sukari ndiyo iliyoianzisha. Kisha rudi kwenye daftari, tafuta kilichoteleza au kilichonywewa pamoja na chakula.

### Baada ya saa 1 hadi 3

Unatetemeka, jasho jembamba linakutoka, njaa kali, akili inakuwa nzito, macho hayatulii. Hii ni dampingi ya kuchelewa. Sukari iliingia damuni kwa kasi, kongosho likajibu kwa insulini nyingi kupita kiasi, na sasa sukari imeshuka chini ya kawaida.

Hali hii inaweza kujitokeza mwaka mzima au zaidi baada ya upasuaji, wakati mtu ameshajiona yuko salama. Wengi hawaihusishi na upasuaji. Wanadhani ni uchovu au wasiwasi, wanakula kitu kitamu, wanapata nafuu, na saa mbili baadaye wanarudi palepale. Nasikitika kila nikikutana na mtu aliyezunguka katika duara hili miezi mingi bila mtu kumwambia.

Pima sukari dalili zikiwepo. Usisubiri zipite. Kipimo chini ya milimoli 3.9 kwa lita (miligramu 70 kwa desilita) ni sukari iliyoshuka. Chini ya milimoli 3.0 kwa lita (miligramu 54) pamoja na dalili ni jambo la kumpelekea daktari, hata kama limetokea mara moja tu.

## Hatua ya 8: Sukari ikishuka, fanya hivi

1. Kaa chini. Kama unaendesha gari, simama kando na uzime injini.
2. Pima, kama kipimo kiko karibu. Kama hakipo na dalili ni za kweli, usipoteze muda.
3. Chukua gramu 15 za glukosi: vidonge 4 vya gramu 4, au vijiko vinne vidogo vya sukari katika maji kidogo.
4. Subiri dakika 15, upime tena. Bado iko chini? Rudia mara moja.
5. Ikishapanda, kula kitu kidogo chenye protini na wanga wa polepole, kwa mfano jibini na nusu kipande cha mkate mkavu.

Kosa kubwa hapa ni kunywa chupa nzima ya soda kwa hofu. Sukari itapaa, insulini itafuata, na utaanguka tena. Gramu 15 zinatosha.

Waeleze wa nyumbani: mtu aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na msaada wa dharura uitwe.

Matukio yakijirudia licha ya milo iliyopimwa, zipo dawa. Akabosi, kwa mfano, hupunguza kasi ya wanga kumeng'enywa na hutumika kwa hali hii hii. Lakini dawa huanza kwa daktari aliyeona daftari lako.

## Hatua ya 9: Baada ya mwaka wa kwanza

Uzito wa chini kabisa hufikiwa kwa kawaida kati ya mwezi wa 12 na wa 24. Baada ya hapo kilo chache kurudi ni jambo la kawaida. Njaa nayo hurudi, na uwezo wa kula huongezeka. Usichukulie kwamba upasuaji umeharibika.

Rudia Hatua ya 4 kwa siku 7 tu. Pima kila kitu, hata ulichoonja jikoni. Karibu kila mara kilichobadilika ni vitu vinavyoteleza na vinywaji vyenye sukari. Milo yenyewe iko palepale. Ondoa hivyo kwanza, uone wiki tatu zinaleta nini, kabla ya kugusa chakula halisi.

## Hali tatu za kuangalia kwa makini

Kutapika kusikokoma. Mwili hauwezi kuuchoma wanga bila thiamini, yaani vitamini B1, na akiba yake huisha ndani ya wiki chache tu. Mtu aliyetapika siku nyingi akapewa sukari bila thiamini anaweza kuumia ubongo. Ukitapika zaidi ya siku mbili au tatu, nenda hospitali, na useme wazi kwamba ulifanyiwa upasuaji wa tumbo. Ukiona vitu viwili viwili, ukiyumba au ukichanganyikiwa, nenda siku hiyohiyo.

Ujauzito. Kipimo cha kisukari cha ujauzito kinachofanywa kwa kunywa glukosi kinaweza kumwangusha mwanamke aliyefanyiwa baipasi. Mweleze mkunga mapema. Kupima sukari nyumbani kwa karibu wiki moja, kati ya wiki ya 24 na ya 28, ni njia mbadala inayokubalika. Wengi pia hushauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji kabla ya kushika mimba.

Pombe. Baada ya baipasi na slivu hufika kwenye damu haraka na kwa kiwango cha juu, na huzuia ini kutoa sukari ya akiba. Ikichanganywa na soda inaifanya sukari ipande kisha ishuke. Kwa mtu ambaye sukari yake imeshawahi kushuka, ushauri wangu ni kuiacha.

## Siku ya kliniki

Nenda na kurasa za siku tatu mfululizo, zikiwemo siku moja ya kazi na siku moja ya mapumziko. Kila ukurasa uwe na muda wa kula, gramu za protini, gramu za wanga, ulichokunywa na saa uliyokunywa, dalili na muda wake, na kipimo cha sukari kama ulipima. Ongeza orodha ya vitamini unazomeza na zile ulizoacha. Mkabidhi mtaalamu daftari kabla hajakuuliza unaendeleaje.